Dobi na Gari Jeusi

Watu wengi huanza kujifunza kung'arisha magari wakiwa na miaka kumi na nane, mgongo mzima na kichwa kigumu. Yeye alianza na miaka hamsini na miwili, viganja vikimuuma, magoti yakilia kila akichuchumaa, na uchovu wa miaka ishirini na miwili ambao usingizi wa Jumapili haukuwahi kuumaliza. Miaka hiyo yote alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Siku hospitali ilipoleta mashine kubwa zinazofua, kukausha na kukunja zenyewe, wafuaji kumi na mmoja waliitwa ofisini, wakashukuriwa kwa soda na hotuba, wakaambiwa wasirudi kesho yake. Hotuba ilichukua muda mrefu kuliko soda.

Mumewe alikuwa fundi wa kung'arisha rangi za magari. Mafundi walimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Alikaa gereji moja miaka ishirini na tisa. Kisha macho yakamharibikia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huo huanza kula pembeni, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Sasa Kioo aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita mbele yake, basi. Mwenyewe alieleza kwamba mambo yalimjia ghafla, ndani ya miezi mitatu tu tangu macho yaanze kumsumbua, na watu wote wakaamini, mkewe akiwa wa kwanza.

Mwenye gereji, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alikuja kumjulia hali. Akakaa ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia mikononi, halafu akasema alilojia.

"Nafasi ya Kioo sijampa mtu. Nileteeni mtu wa humu ndani, nimjaribu wiki mbili. Siku ya mwisho nitampa gari zima alifanye peke yake. Akiweza, kazi yake. Asipoweza, msinilaumu."

Mtu wa humu ndani! Binti yao pekee alikuwa ameolewa mbali na ana wachanga wawili mgongoni na kifuani. Mke wa Kioo alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona mtu wa humu ndani ni yeye. Na nyumba ile haikuwa tena na mshahara wowote, wa mume wala wa mke. Akijaribu akashindwa, basi hawana mbele wala nyuma.

Gereji ilikuwa ua mpana wenye paa la mabati upande mmoja, ukuta uliojaa madoa ya rangi za kila aina, na pipa la maji lililokuwa likivuja tangu enzi. Mpulizaji rangi ndiye aliyempokea. Huyu aliitwa Puliza, mtu mnene mwenye mdomo usiopumzika, ambaye hata msibani alikuwa akipata la kuchekesha. Alikuwa rafiki wa Kioo wa miaka yote ile.

"Karibu, shemeji! Kioo alituachia pengo, naona ametuletea na kizibo chake."

"Asante, shemeji. Nianzie wapi?"

"Anza na hilo la kijivu. Lioshe."

Akavua saa, akakunja mikono ya gauni, akauliza kwa nia njema kabisa, "Sabuni ya unga iko wapi?"

Puliza alishika nguzo asianguke. "Sabuni ya unga! Jamani njooni msikie! Shemeji anataka kulifua, kulikamua na kulianika!" Mafundi wawili wa kunyoosha bodi walitoka chini ya lori kuja kucheka. Kuanzia saa hiyo akawa Dobi, na jina lenyewe halikumchukiza, maana lilikuwa la kweli.

Alijifunza kwamba sabuni ya unga hula nta yote inayokinga rangi, na kwamba gari lina shampuu yake. Ndoo ni mbili: moja ya shampuu, ya pili ya kusuuzia glavu ili mchanga usirudi kwenye rangi kuikwaruza. Unaosha kutoka juu kwenda chini, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Likishaoshwa bado ni chafu. Unavaa mfuko mwembamba wa plastiki kama glavu, unapitisha vidole juu ya boneti, na hapo unasikia chembechembe ambazo jicho halizioni. Hizo unaziondoa kwa donge la udongo maalumu uliolainishwa kwa maji ya kuteleza. Baada ya udongo ndipo polishi, na baada ya polishi ndipo nta. Dobi aliyasikiliza haya yote akiwa amesimama, akatamani mtu angemfundisha akiwa amekaa.

Kosa lake la kwanza lilikuwa nguvu. Miaka ishirini na miwili ya kusugua damu kwenye mashuka ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kisichotoka kisuguliwe zaidi. Bosi alisimama nyuma yake, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Mama, una ugomvi na hili gari?"

"Hapana, bosi."

"Basi liache lipumue. Mashine ina uzito wake, huo unatosha. Wewe iongoze tu."

Na ilikuwepo sheria moja ya gereji ambayo Bosi aliirudia kila asubuhi kama mwalimu wa zamu. Kabla hujawasha mashine, zunguka gari zima na taa. Kila kasoro utakayoikuta, iwe mkwaruzo, shimo au rangi iliyoungua, bandika kipande cha utepe wa karatasi pembeni yake, kisha niite nione. Ukishaanza kazi, kasoro isiyo na utepe ni yako. Hapakuwa na maelezo, hapakuwa na machozi. Fundi mmoja aliwahi kufukuzwa kwa mkwaruzo ambao anaapa hadi leo kwamba aliukuta.

Siku ya tano Dobi alitaka kujikosha kwa ile habari ya sabuni ya unga. Aliona vitambaa vya kufutia nta vimerundikwa ndani ya katoni, vile laini vyenye manyoya mafupi, arobaini kwa idadi, vimekakamaa. Akafikiri, hapa angalau najua kuliko wao wote. Akavichukua nyumbani, akavifua kwa maji ya moto, akavisuuza kwa dawa ya kulainisha nguo, vifuniko viwili vizima, kama alivyokuwa akifanyia mashuka ya wodi ya wazazi. Akavikunja vizuri, kona kwa kona. Asubuhi aliviweka mbele ya Bosi akisubiri kusifiwa.

Vitambaa vile havikufuta kitu. Kila kilipopita kiliacha ukungu wa mafuta, na ukifuta ukungu unauhamisha. Bosi alinusa kimoja, akafumba macho.

"Mama, vinanukia vizuri sana hivi vitambaa. Lakini vimekufa."

Dawa ile hufunika manyoya, na manyoya yakishafunikwa hayashiki tena kitu. Vitambaa arobaini vikaenda kuwa vya kupangusia sakafu. Puliza alivinusa kimoja kimoja akisema gereji sasa inanukia kama bibi harusi. Dobi alicheka naye, halafu akaenda msalani, akaegemea mlango na kulia. Haikuwa aibu sana. Alikuwa amechoka tu, amechoka kuwa mjinga katika umri ambao wenzake walikuwa wakiheshimiwa kwa walichokijua.

Lakini alijikaza kisabuni. Kila akirudi alasiri, Kioo alikuwa akimsubiri uani. Juu ya viti viwili palikuwa na boneti ya gari bovu ambayo aliiokota zamani na kukataa kuitupa, na mkewe alikuwa amemgombeza kwa ajili yake miaka sita. Sasa ndiyo ilikuwa darasa lake.

"Njoo, mama watoto. Umechoka?"

"Usiniulize."

"Basi nusu saa tu. Weka matone manne ya polishi, kila moja kama punje ya choroko. Nenda kulia kushoto, halafu juu chini. Polepole. Mwendo wa mtu anayetoka kula."

Akishamaliza, Kioo alisogea, akapitisha ncha za vidole juu ya boneti, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mlango wa jirani. "Hapa umepita mara mbili. Hapa umeruka. Hapa pazuri." Hakukosea hata mara moja. Dobi, ambaye katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumuona mumewe kazini, alijikuta akimheshimu upya. Lilikuwa jambo la ajabu kumpenda mtu zaidi huku mgongo ukikuuma kwa sababu yake.

"Na kingo," Kioo alisema kila siku. "Kingo usizisogelee na mashine. Juu ya rangi kuna vanishi, na kwenye kingo ile vanishi ni nyembamba kama utando wa yai. Ukiiunguza hairudi. Hakuna polishi ya kuirudisha, ni kupuliza upya."

"Umeshasema, baba watoto."

"Nasema tena."

Ikafika siku ya kumi na tatu. Dobi alirudi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunyoosha miguu.

"Kesho ndiyo kesho," alisema. "Bosi kanipa gari jeusi. Anasema jeusi halifichi kitu. La daktari wa meno."

Kioo alikuwa akikunja kitambaa. Akaacha. "Lile dogo? La milango minne?"

"Hilohilo. Kwa nini?"

"Nilishalifanya. Mara ya mwisho nililifanya mimi." Akakunja tena kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. "Leo tupumzike, mke wangu. Mikono yako inahitaji kulala."

Dobi hakuuliza zaidi. Kuambiwa apumzike ilikuwa zawadi, na zawadi hakuzoea kuzichunguza.

Asubuhi alilisogeza gari jeusi chini ya paa, akaliosha, akalikausha, akalipitishia udongo kipande kwa kipande hadi mfuko wa plastiki ukateleza bila kusikika. Akachukua taa mkono mmoja, utepe mkono wa pili, akaanza kuzunguka. Boneti ilikuwa na miviringo myepesi ya mikwaruzo, mingi kuliko alivyotarajia kwenye kazi ya Kioo. Akajisemea labda ni waoshaji wa mtaani. Mlango wa mbele, mkwaruzo wa ufunguo. Utepe. Bampa, kijishimo cha jiwe. Utepe. Akasimama juu ya kiti kidogo amulike paa.

Juu ya mlango wa nyuma, upande wa dereva, pale paa linapojikunja kushuka, palikuwa na mstari uliofifia. Urefu wa kidole, weusi wake hauna mng'ao, mkavu kama mdomo wa mgonjwa. Akausogezea taa. Akaugusa. Wiki mbili zilikuwa zimemtosha kujua anachokitazama: vanishi imeungua kwenye ukingo. Kosa la mashine iliyosogezwa na mtu ambaye hakuona ukingo uko wapi.

Kioo mwenyewe alisema ndiye wa mwisho kuligusa gari hili na mashine. Na hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita, kabla hajaacha kazi, wakati ambapo kwa maneno yake mwenyewe macho yalikuwa mazima. Kwa hiyo hayakuwa mazima. Alikuwa akija hapa kila siku akipapasa, akijifanya, na maskini hata hakuona alichokiunguza. Daktari wa meno naye alikuwa mtu mfupi, hakuwahi kulitazama gari lake kutoka juu.

Dobi alikaa kwenye kile kiti kidogo, utepe mkononi. Alilia kidogo, akageuza uso ukutani Puliza asimwone. Alimlilia mumewe aliyekuwa akiingia gizani peke yake kila asubuhi na kurudi jioni akisema kazi ilikuwa nzuri.

Kisha akafikiria la kufanya, maana saa zilikuwa zinakwenda. Asipoweka utepe, kosa ni lake, na mwanafunzi aliyeunguza ukingo siku ya jaribio haitwi tena. Akiweka, Bosi atauliza gari hili alilifanya nani, na jibu kila mtu analo. Jina la Kioo ndilo pekee alilobaki nalo mumewe. Watu walikuwa bado wakilitaja pale gereji kila wakitaka kusema kazi safi. Iliwezekana pia kupaka nta nzito pale juu na kunyamaza, mpaka siku yake atakapokuja fundi mwingine asiye na bahati.

Ningependa kusema aliamua kwa ushujaa. Hapana. Alikuwa amechoka. Alikuwa amebeba mashuka ya wagonjwa, na mimba mbili zilizotoka, na macho ya mumewe, na vicheko vya ua mzima, na hapakuwa na mahali tena mgongoni pa kuweka kosa lisilo lake. Akasimama juu ya kiti, akakata kipande cha utepe, akakibandika. Kisha akaita.

"Bosi! Njoo uone."

Bosi alikagua vile vya chini haraka haraka, akipiga mluzi. Kisha akapanda kwenye kiti. Mluzi ukakatika. Alikaa pale juu kitambo, taa mkononi, na Dobi akatazama visigino vya viatu vyake vilivyolika. Puliza alikuja kuona kulikoni, akanyoosha shingo, akaona. Mmoja wa wale mafundi wa bodi naye akaja. Wakatazamana.

Bosi akashuka. "Sawa," alisema, bila kumtazama mtu. "Endelea na kazi, mama."

Akaendelea. Alibandika utepe kwenye kingo zote kuzikinga na mashine, akaweka matone manne kama punje za choroko, akaiongoza mashine kwa mwendo wa mtu anayetoka kula. Akafuta, akamulika, akarudia. Saa nane alipaka nta, tabaka jembamba sana, akaisubiri ikauke hadi kidole kikapita bila kuivuta, akaifuta kwa kitambaa ambacho hakikunukia kitu. Gari lilikuwa limekaa pale jeusi, na mabati ya paa yalionekana ndani ya boneti, mfuo kwa mfuo, pamoja na uso wa mwanamke mwenye kitambaa kichwani ambaye hakuwa na furaha yoyote.

Bosi alilizunguka mara mbili. "Jumatatu saa moja na nusu," alisema. "Ule ukingo Puliza ataupuliza. Nitazungumza na daktari mimi mwenyewe."

Nyumbani, Kioo alikuwa uani. Alikuwa amesikia lango likifunguka na alikuwa amekwisha simama.

"Vipi?"

"Nimepata. Naanza Jumatatu."

Njiani alikuwa ameapa hatasema zaidi ya hapo. Angeacha mtu huyu afe na jina lake. Lakini Kioo hakushangilia. Alibaki amesimama, mkono juu ya ile boneti mbovu.

"Uliweka utepe?"

"Niliweka. Kuna mkwaruzo wa ufunguo, na kishimo kwenye bampa."

"Na pale juu ya mlango wa nyuma? Upande wa dereva?"

Dobi akaketi kwenye ndoo.

"Ulijua," alisema.

"Nilisikia kwa vidole, siku ileile. Nikapafukia kwa nta nyeusi. Kesho yake nikamwambia Bosi macho yananisumbua, siwezi tena."

"Ulijua, ukaniacha niende!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi nimekaa pale nakulilia, nasema maskini hakuona! Jana nimekuambia ni gari gani, ukaniambia nikalale! Wiki mbili nzima unanifundisha, kingo, kingo, kingo, na hukunena!"

"Sikujua kama atakupa lile."

"Jana ulijua."

"Jana nilijua." Kioo aliikwangua boneti kwa ukucha. "Nilijisemea, wiki mbili ni chache. Hataona. Yeye ni wa kujifunza tu. Nimekuwa nikikufundisha, mama watoto, na tangu jana naomba uwe bado hujajua."

Dobi alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. Hasira ilikuwepo, lakini hata hasira inataka nguvu, na nguvu ziliishia kwenye gari la daktari wa meno. Jirani alikuwa akikung'uta mkeka. Kioo alipapasa kiti, akakaa.

"Walisemaje?"

"Nani?"

"Pale gereji. Walipoona."

"Hawakusema kitu."

Kioo aliinua uso kuelekea sauti yake. Aliwajua watu wale miaka ishirini na tisa, vicheko vyao, matusi yao, namna walivyoweza kumtania mtu hadi siku ya kumzika baba yake.

"Hata Puliza?"

"Hata Puliza," Dobi alisema, akainama kuvua viatu.